Vim ni Yangu, Mnisamehe

Tangu muhula wa kwanza, sisi wa kikundi cha tarakilishi tumebishana kama mashabiki wa Gor na Leopards. Swali lenyewe ni hili: katika ile mashine yetu ya Raspberry Pi, tuandikie programu gani, Nano au Vim? Sasa wengine wanataka ati Nano pekee ndiyo ifundishwe. Mimi napinga.

Kwa wale ambao hawajaingia chumba chetu, Raspberry Pi ni tarakilishi ndogo ya kujifunzia iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka wa 2012. Ubao wake unatoshea kiganjani. Hutumia Linux, na ukitaka kuitungia programu, huna budi kuwa na mahali pa kuandikia.

Nano haina maneno mengi. Ukiifungua unaanza kuandika papo hapo, na amri zake zimeorodheshwa chini ya kiwambo. Vim ni kichwangumu. Lazima kwanza ubonyeze herufi i ndipo uandike. Ukimaliza, bonyeza Esc, kisha andika :wq ndipo ihifadhi kazi na kujifunga. Siku yangu ya kwanza nilishindwa kabisa kutoka, nikaizima mashine yenyewe. Jameni, nilichekwa!

Mbona basi naipenda? Sababu ya kwanza ni stima. Sisi wanafunzi wa kutwa tuna dakika 40 tu baada ya masomo kabla ya kukimbilia matatu. Muhula wa kwanza nilikuwa nikiandika kwa Nano programu ya kujumlisha alama za mashindano ya nyumba zetu. Sikuwa nimehifadhi. Stima ikapotea, na kazi yangu ya jioni nzima ikaenda nayo. Nilitembea hadi stejini bila kusema na mtu.

Vim, kwa upande wake, huweka akiba pembeni unapoendelea kuandika. Kila ukibonyeza mara 200, au ukitulia kwa sekunde 4, inajiwekea. Stima ikirudi na uifungue faili ile, inakuambia kuna kazi iliyokatizwa na kukupa nafasi ya kuiokoa. Yalinipata tena muhula wa pili, nikapoteza mstari mmoja tu.

Wapinzani wangu husema, "Si uhifadhi kila mara tu?" Ni kweli. Lakini binadamu akishughulika husahau, na stima haibishi hodi ikiondoka.

Sababu ya pili iko karibu na nyumbani. Ukiifungua Vim bila faili, mara nyingi utaona ujumbe unaokuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Aliyeitunga, Bram Moolenaar, alikuwa Mholanzi. Aliitoa mwaka wa 1991 kwa tarakilishi za Amiga, na mwaka wa 1994 akajitolea kufanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda. Programu yake hailipishwi. Aliwaomba tu wanaoipenda wawachangie watoto wa huko. Alifariki mwaka wa 2023, lakini ombi lake bado lipo. Nikiliona, najua kuwa chombo hiki kinawakumbuka majirani zetu.

Mwenzangu mmoja alinitupia methali: mchagua jembe si mkulima. Nikamjibu kuwa mkulima halisi huijua ardhi yake kwanza. Ardhi yetu ni mashine moja, muda mfupi na stima ya kubahatisha.

Sisemi Nano ni mbaya. Wa kidato cha kwanza na waanze nayo, wasichekwe kama nilivyochekwa mimi. Lakini wafundishwe zote mbili, kisha kila mmoja ajichagulie. Tusiiondoe Vim kwa sababu ya ugumu wa siku ya kwanza. Hata baiskeli ilituangusha kwanza, na leo ndiyo inayotuleta shuleni.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu