Nani Aketi Kwenye Kiti Mwendo?

Mpenzi wa hadithi za kubuni huingia katika jumba la sinema akiwa na mizani yake moyoni. Anaijua sura ya kila mhusika kabla ya kuiona, na kwa sura hiyo humpima mwigizaji. Filamu ya Wicked, iliyoongozwa na Jon M. Chu na kutolewa Novemba 2024, haikuikwepa mizani hiyo. Chimbuko lake ni nchi ya Oz aliyoibuni L. Frank Baum mwaka 1900. Gregory Maguire akaisimulia upya mwaka 1995. Na tangu mwaka 2003 hadithi hiyo huimbwa katika jukwaa la Broadway, New York. Washabiki walikuwa na mengi ya kudai.

Kwa sehemu kubwa walistahili kuridhika. Cynthia Erivo, katika nafasi ya Elphaba, msichana aliyezaliwa na ngozi ya kijani, huonyesha uchungu wa kutazamwa vibaya hata kabla hajafungua kinywa kuimba. Ariana Grande, katika nafasi ya Glinda, huchekesha bila kumfanya mhusika wake awe mpumbavu. Hata hivyo, uteuzi unaowahusu zaidi wahudumu wa afya na wagonjwa ni wa mhusika mwenye maneno machache zaidi: Nessarose, mdogo wake Elphaba, anayetumia kiti mwendo. Nafasi hiyo alipewa Marissa Bode, ambaye mwenyewe hutumia kiti mwendo tangu alipopata ajali ya gari utotoni. Katika Broadway, kwa zaidi ya miaka 20, Nessarose aliigizwa na watu ambao pazia likishuka walisimama na kwenda zao.

Wapo wasemao kwamba kuigiza ni kujifanya. Mbona Erivo naye si wa kijani? Hoja hiyo ina mvuto, lakini haina uzito. Hakuna watu wa kijani walioachwa mlangoni wakingoja kazi. Waigizaji wenye ulemavu wapo, na mlango umefungwa kwao kwa muda mrefu, hata katika nafasi zinazosimulia maisha yao wenyewe.

Faida ya uteuzi huu huonekana katika uigizaji. Nessarose anapowasili chuoni, mfanyakazi mmoja anakishika kiti chake na kuanza kukisukuma bila ruhusa yake. Bode haigizi unyonge. Anaonyesha hasira ya mtu mzima aliyebebwa kama mzigo. Kila mhudumu wa wodini angenufaika kuitazama dakika hiyo. Kiti mwendo ni sehemu ya mwili wa anayekitumia. Kukisukuma bila kuuliza ni sawa na kumshika mtu mkono na kumburuta, hata kama nia ni njema na foleni ya wagonjwa ni ndefu.

Hadithi hiyo inagusa jambo jingine linalofahamika sana katika kliniki zetu. Baba yao, akiogopeshwa na uwezekano wa kupata mtoto mwingine wa kijani, alimtafunisha mama yao maua wakati wa ujauzito. Mtoto akazaliwa kabla ya wakati, miguu ikiwa na kasoro, na mama akafariki. Elphaba amekua akiamini kwamba kosa ni lake. Oz ni nchi ya kubuni, lakini lawama hiyo si ya kubuni. Familia nyingi za Afrika Mashariki, mtoto akizaliwa na ulemavu, hutafuta wa kulaumiwa kabla ya kutafuta huduma, na mara nyingi lawama humwangukia mama. Mhudumu anayemweleza mzazi kwa lugha nyepesi nini kinajulikana kuhusu hali ya mtoto, na nini hakijulikani, humtua mzigo ambao dawa haiwezi kuutua.

Mfano wa kinyume upo. Mwaka 2020 kitabu cha Roald Dahl kuhusu wachawi kilifanywa filamu, The Witches, ambamo Anne Hathaway aliigiza mchawi mkuu. Dahl aliwapa wachawi wake kucha zilizopinda kama za paka. Filamu iliwapa mikono yenye vidole pungufu, inayofanana na ya watu waliozaliwa na hali iitwayo ektrodaktilia. Watu wenye ulemavu walipinga, na kampuni iliyoitengeneza pamoja na Hathaway mwenyewe wakaomba radhi. Walikuwa na haki ya kupinga: mtoto mwenye mkono kama huo angetoka katika sinema hiyo akiwa amefundishwa kujiogopa.

Je, Nessarose naye si mtu mbaya baadaye? Ndiyo. Katika sehemu ya pili, iliyotolewa Novemba 2025, anakuwa mtawala mkali. Lakini ukali wake unazaliwa na huba isiyorudishwa na madaraka yasiyo na mipaka, kama ambavyo ungezaliwa kwa mtu yeyote. Katika The Witches mwili wenyewe ndio uliokuwa alama ya uovu. Mtu mwenye ulemavu hahitaji kuigizwa kama malaika. Anahitaji kuigizwa kama mtu.

Sehemu hiyo ya pili pia ilibadilisha jambo lililowaudhi wengi. Jukwaani, uchawi humwezesha Nessarose kusimama na kutembea, kana kwamba maisha yake yalikuwa yakingoja siku hiyo. Katika filamu, uchawi humwinua akaelea hewani. Mabadiliko hayo hayapuuzi tiba. Mgonjwa ana haki ya upasuaji, mazoezi ya viungo na vifaa saidizi. Kinachokataliwa ni kulipima thamani ya mtu kwa kupona kwake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani mmoja kati ya kila sita, wana ulemavu wa kiwango kikubwa. Wengi wao watakutana na mhudumu wa afya mara nyingi kuliko watakavyojiona katika filamu. Kwa hiyo taswira yao haichorwi Hollywood peke yake. Inachorwa pia pale mapokezi, mhudumu anapochagua kuzungumza na mgonjwa mwenyewe badala ya aliyemsindikiza.