Nani Kakwambia Kompyuta ya Studio Inataka Windows Mpya?

Kuna ugonjwa umeingia hapa kwetu Magongo. Tangu Microsoft ifunge huduma ya kawaida ya Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, kila fundi wa kompyuta kutoka Chaani hadi Mikindani ana dawa moja tu: "Weka 11." Duka la M-Pesa, weka 11. Saiba, weka 11. Hao sina neno nao. Lakini sasa mafundi wameanza kuingia kwenye studio za muziki, na hapo lazima tugombane.

Ndugu msomaji, studio ya mtaani si ofisi. Ingia kwa prodyusa wa siku nyingi, kuta zimebandikwa trei za mayai, utakuta kompyuta ya enzi za Windows XP, na ndani yake FruityLoops (ndiyo iliyoitwa FL Studio mwaka 2003) au Cool Edit Pro, ambayo Adobe waliinunua mwaka huo huo wakaiita Audition. Fundi anacheka. Mimi sicheki. Mule ndani kuna nyimbo za harusi, kwaya, rapu za vijana ambao leo wana wajukuu, na sauti za watu tuliokwisha kuwazika. Tena si wimbo uliokamilika tu: besi mbali, kinanda mbali, mwimbaji mbali.

"Lakini programu za zamani zinafanya kazi kwenye Windows mpya!" Ndiyo, nusu. Windows 11 ni ya biti 64 tupu (biti za kompyuta, si zile za maprodyusa), na programu nyingi za biti 32 hufunguka humo. Sasa jaribu kurekodi. Windows ya biti 64 haipokei draiva ya biti 32, hata ukiibembeleza, na kadi nyingi za sauti za zama zile hazikuandikiwa draiva nyingine. Kadi nzima, haina kasoro, na imekufa. Kinanda kilichochomekwa kwenye tundu la joystick je? Tundu hilo lilitupwa na Vista mwaka 2007. Halafu kuna plagini. Programu ya biti 64 haiwezi kupakia plagini ya biti 32 bila daraja katikati. FL Studio wana daraja lao, heko kwao; kwingine utajitafutia. Na aliyeandika plagini yenyewe huenda aliacha kazi hiyo zamani. Wimbo unafunguka, lakini palipokuwa na filimbi pana kimya.

Hapa nawageukia wenzangu tunaoandika programu. Msiniambie haiwezekani! MIDI ilitoka mwaka 1983, na Yamaha DX7 ya mwaka huo bado inaongea na kompyuta ya leo kwa kawaya kadogo ka USB. Faili la WAV, muundo wa mwaka 1991, linafunguka kwenye simu yako. Apple nao, kwa macOS Catalina ya mwaka 2019, walifungia nje programu zote za biti 32 kwa mpigo mmoja. Steinberg, walioleta VST mwaka 1996, waliacha mwaka 2018 kuwapa watengenezaji vifaa vya VST 2. Sababu zao za kiufundi nazijua, na nyingine ni za kweli. Ila wanaposafisha nyumba yao, bili inaletwa Magongo.

"Na virusi?" Swali zuri. XP haina ulinzi tangu Aprili 2014, na kuipeleka kwenye intaneti leo ni wazimu. Basi chomoa waya! Kompyuta ya kurekodi haina haja na Facebook. Flash za wateja zipite kwanza kwenye mashine nyingine, ya Linux ikiwezekana.

Na kabla mtu hajagusa kitu: toa kila chaneli kama WAV, zote zianzie sekunde sifuri hata kama mwimbaji anaingia dakika ya tatu, andika kasi ya mdundo kwenye jina la faili, nakili kwenye diski mbili, moja isilale studio. Ukipata pesa, nunua mashine ya pili, iwekee 11, ufurahi nayo. Ile kuukuu ifunike kitambaa, vumbi la malori ya hapa unalijua. Fundi akija, mpe kiti, mpe soda, muulize draiva ya kadi hii anayo wapi. Mpaka ajibu, asishike mausi.