Kura ya Pennsylvania, Kilio cha Masisi

Mwishoni mwa mwaka 2024 tuliombea uchaguzi wa Marekani makanisani mwetu kana kwamba ni wa kwetu. Wengine walisema akishinda huyu vita vitakwisha. Wengine walisema akishinda yule misaada itaendelea. Matokeo yake tumekwisha kuyaona kwa macho. Sasa tuyatafakari kwa utulivu.

Kwanza tuelewe namna Wamarekani wanavyochagua. Rais wao hapatikani kwa kujumlisha kura za nchi nzima. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe. Wote ni 538, na anayefikisha 270 ameshinda. Karibu kila jimbo humpa mshindi wa hapo wajumbe wake wote. Majimbo mengi yanajulikana mapema yataelekea upande gani, kwa hiyo wagombea huelekeza nguvu zao kwenye machache yenye ushindani mkali. Mwaka 2024 yalikuwa saba: Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada. Donald Trump aliyachukua yote, akapata wajumbe 312, na Kamala Harris 226. Kule Wisconsin tofauti yao haikufika kura 30,000.

Wapiga kura hao walikuwa na nini moyoni? Bei ya chakula na ya nyumba, wahamiaji wanaovuka mpaka, hali ya demokrasia yao, suala la utoaji wa mimba. Walipoulizwa wakitoka kupiga kura, takriban 4 tu kwa kila 100 walisema kwamba mambo ya nchi za nje ndiyo yaliyowaongoza. Huko Michigan raia wengi wenye asili ya Kiarabu walikuwa na uchungu wa Gaza, na wagombea walilazimika kuwasikiliza, kwa kuwa wana kura pale. Masisi haina kura pale. Hatuwalaumu. Mama wa Pennsylvania anayehesabu pesa za mkate hana tofauti na mama wa Walikale anayehesabu pesa za chumvi.

Lakini uamuzi wao umetufikia. Siku ya kuapishwa kwake, 20 Januari 2025, rais mpya alisimamisha upokeaji wa wakimbizi, na familia za Wakongo zilizongoja kambini miaka mingi zikafungua tena mizigo. Siku hiyohiyo alisimamisha misaada ya maendeleo kwa nchi za nje, na Marekani ndiyo iliyokuwa mfadhili mkubwa wa huduma za dharura nchini mwetu. Baadaye, 27 Juni 2025, Kongo na Rwanda zilitia sahihi mkataba wa amani mjini Washington, huku madini yetu yakiwa sehemu ya mazungumzo. Na si mara ya kwanza. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu madini ya vita, ile ambayo wengi waliiita sheria ya Obama, ilifika mpaka kwenye machimbo ya Walikale. Nia yake ilikuwa njema, lakini wanunuzi walikimbia na wachimbaji wengi wakakosa riziki. Mtu asiyekujua, hata wema wake unaweza kukuumiza.

Hapa ndipo penye jeraha letu. Tulifuatilia hesabu za Wisconsin usiku kucha. Je, hesabu yetu wenyewe? Kwetu rais huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, na kura ya Masisi ina uzito sawa na ya Kinshasa. Lakini tarehe 20 Desemba 2023 Walikale ilipiga kura, Masisi na Rutshuru hazikupiga, kwa sababu ya vita. Rais alichaguliwa bila wao, na wabunge vilevile. Ndugu zetu wa Beni na Butembo walikwisha kuonja hayo: uchaguzi wa Desemba 2018 waliahirishiwa hadi Machi 2019, wakati rais alikuwa amekwisha kuapishwa Januari. Tena kwetu kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho. Asiyeandikishwa hupoteza kura, na hupata taabu pia kwenye kila kizuizi barabarani.

Tumkumbuke Nehemia. Alimwomba mfalme wa kigeni barua na miti, akapewa, wala hakuona haya. Lakini ukuta wa Yerusalemu haukujengwa na mfalme. Ulijengwa na wenyeji, wengi wao kila mmoja mbele ya nyumba yake. Basi mkataba wa Washington tuupokee kama barua na miti, tusiudhani kuwa ni ukuta.

Sehemu ya ukuta iliyo mbele ya nyumba yetu inajulikana. Wachungaji, tutunze vizuri daftari za ubatizo na za ndoa, maana kwa aliyekimbia hizo zaweza kuwa ushahidi pekee kwamba alizaliwa na anatoka wapi. Tudai kwa upole na bila kuchoka kwamba watu wa Masisi na Rutshuru waandikishwe, hata walio kambini. Tukatae mahubiri yanayogawa wapiga kura kwa kabila. Na tuiombee Marekani kama tunavyoombea mataifa yote, bila kuifanya kuwa mwokozi. Mwokozi tunaye, na majina ya watu wa Masisi anayajua yote, hata yale ambayo hayamo katika orodha yoyote ya uchaguzi.