Kuvu Hutazamwa Wakati wa Mvua

Bwana Mwandishi,

Nimeyasoma maelezo yako juu ya kununua nyumba iliyoingia kuvu, nami, nikiwa mkaazi wa Gishubi, katika nyanda za juu za Gitega, ambako mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, naona umeghafilika na wakati wa kuitazama nyumba yenyewe. Kwani muuzaji mwerevu hungoja kiangazi cha Juni hadi Agosti, akazipaka kuta chokaa, na mnunuzi akaingia ndani asione doa wala asisikie harufu. Na aende Aprili, hata akirowa.

Tena asiulize kuvu tu, aulize asili yake. Doa la juu, karibu na dari, aghalabu ni kigae kilichovunjika au bati lililotoboka, na hiyo ni kazi ya fundi mmoja. Lakini ukuta wa matofali mabichi, uliosimamishwa pasipo msingi wa mawe, hunyonya maji ya ardhini kama utambi unyonyavyo mafuta, na hapo rangi mpya ni ghururi tupu. Nyumba ya namna hiyo thamani yake ni kiwanja, na bei ya kiwanja ndiyo ya kutoa. Mwenye pumu, au mwenye mtoto mchanga, asilale humo kabla ukuta haujajengwa upya: Shirika la Afya Duniani lilikwisha bainisha mwaka 2009 kwamba wakaao katika unyevu na kuvu huzidi kupatwa na maradhi ya kifua.