HAKUNA BOTI ISIYOZAMA



Imeenea khabari Kisiwani, na imefika mpaka kwenye mabaraza yetu ya kahawa, kwamba zimekuja boti za namna mpya zisizozama. Boti hizo ndizo katamarani ndogo za mashine: matumbo mawili membamba yaliyounganishwa kwa sitaha moja, mashine moja nyuma ya kila tumbo, na kijumba juu yake cha kujisitiri na jua na kulala watu wawili. Anayezisifu husema: "Hii ina matumbo mawili, moja likiingia maji, la pili litakubeba." Sisi twasema kwamba maneno hayo ni ya khatari, na anayeyasema mbele ya watu wenye watoto yampasa ayathibitishe au ayafute.

Lakini liko kundi jingine ambalo latupasa tulijibu kwanza. Hao ni wale wanaotukebehi kwamba karatasi ya chama cha wanyonge haina kazi ya kuzungumza boti za starehe. Wanauliza: mabomba hayatoi maji, nanyi mwaandika khabari za magodoro ya boti? Twawajibu hivi. Mtu wa Kisiwa ameijua bahari kwa mambo matatu: kuvua, kusafiri na kufa. Starehe yake ameachiwa mgeni. Kijana wetu humshika mgeni mkono apande botini, humchomea samaki funguni, humtandikia mkeka kivulini, na jioni hurudi kwao kwa miguu. Hatumchukii mgeni, wala hatumwonei kijicho. Tunachokikataa ni ile fikra kwamba mwenye bahari ameumbiwa kuitumikia tu, na kwamba akitaka kulala usiku mmoja juu ya maji pamoja na mkewe na watoto wake, basi amejipandisha daraja isiyokuwa yake. Hiyo si huruma kwa wanyonge. Hiyo ni kuwafundisha wanyonge wabaki walipo.

Wala asituambie mtu kwamba chombo cha namna hii ni kigeni kwetu. Neno lenyewe, katamarani, latoka katika lugha ya Kitamil, na maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Wazee wetu waliyajua mambo haya kabla ya viwanda vya faiba: tazameni ngalawa, jinsi mirengu na matengo yake yanavyoufanya mtumbwi mwembamba usimame imara penye wimbi. Mashua za ukoo huo zimeenea Komoro na Bukini, na hata visiwa vya mbali vya mashariki. Bali hao waliojifanya mabingwa wa bahari ndio walioukataa ujuzi huu. Mwaka 1876, Nathanael Herreshoff wa Marekani alileta chombo chake cha matumbo mawili, Amaryllis, katika mashindano ya New York, akawaacha wenziwe nyuma. Mabwana wa vilabu hawakukaa wakajifunza. Walikizuia chombo kile kisishindane tena nao. Wanachama wetu hawahitaji kufafanuliwa mchezo huo. Anayeshindwa kwa haki hukimbilia kubadili sheria.

Kwa hiyo twasema wazi: katamarani ndogo ni chombo chema, nacho kinatufaa. Hakinywi maji mengi, basi hupita juu ya mafungu na miamba ambako boti ya mkuku mrefu hukwama. Kikitia nanga hakiyumbi sana, na mtu mzima aweza kuketi akanywa kahawa yake isimwagike. Mashine zake zimeachana mbali, hata nahodha akiipeleka moja mbele na nyingine nyuma, boti hugeuka pale pale ilipo. Na moja ikifa, ya pili yaweza kuwarudisha watu kwao, ingawa polepole. Hizo ndizo sifa zake za kweli, na zatosha. Hazihitaji kuongezewa uwongo.

Sasa na tuujibu uwongo wenyewe.

Ndugu zetu wanne wa tawi moja la Kaskazini walichanga fedha zao kwa muda mrefu, wakanunua boti ya namna hiyo, urefu wake mita 8. Walitualika Mkokotoni tukaione. Tulikuta godoro jipya, mapazia, jokofu, taa za rangi, na vipaza sauti vya muziki viwili ambavyo ungeviweka uwanjani vingetosha mkutano wa hadhara. Tukafurahi nao. Kisha mmoja wetu, ambaye ujana wake ameumaliza katika majahazi, akaomba afunuliwe ngama. Tumbo la kushoto lilikuwa na maji ya kiasi cha shubiri. Pampu ilikuwamo, lakini waya zake hazikufungwa popote. Tumbo la kulia halikuwa na pampu kabisa. Majaketi ya kujiokolea yalikuwa manne, yamewekwa chini ya godoro, na waliokuwa wakijitayarisha kupanda siku ile ni watu tisa, watatu kati yao watoto. Tulipouliza, tukajibiwa kwa upole na bila ya wasiwasi: "Lakini hii haizami."

Hawa si wapumbavu, wala si watu wabaya. Wameambiwa neno na mwuzaji wakaliamini. Ndiyo maana ghadhabu yetu haiwaelekei wao.

Maji yaliyoingia tumbo la kushoto hayahamii la kulia, hayatoki kwa hiari yake, wala pampu ya upande mmoja haiwezi kuyafikia ya upande wa pili. Tumbo moja likijaa, boti hulalia upande huo, abiria nao huteremkia huko huko, na uzito wao huzidisha balaa. Katamarani ikishapinduka hairudi wima yenyewe. Hubaki kichwa chini, miguu juu. Kweli, ziko zilizojazwa povu gumu ndani ya kuta zake, nazo huelea hata zikijaa maji. Lakini kuelea kwa boti si kusalimika kwa mtu aliyefungiwa kijumbani mwake. Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwuzaji huyu ametupitisha tezi, akatupitisha omo, akatuonyesha mapazia, lakini ngamani hakutupeleka.

Basi chombo kipya na kipambwe, lakini kwa utaratibu huu.

Kwanza, kinachotoa maji. Kila tumbo liwe na pampu yake ya umeme inayojiwasha maji yanapopanda, imefungwa kwenye betri kwa fyuzi yake yenyewe, ili ifanye kazi hata swichi nyingine zote zikiwa zimezimwa. Na pamoja nazo iwepo pampu ya mkono na ndoo, kwani umeme una siku yake ya kusaliti.

Pili, kinachomwokoa mtu. Jaketi moja kwa kila roho, la mtoto kwa mtoto, na yawekwe mahali mkono unapofika, si chini ya godoro. Nahodha naye ajifunge ile kamba ya kuzimia mashine, maana akianguka majini naye hakuifunga, boti yaweza kumgeukia yeye mwenyewe.

Tatu, kinachoita msaada. Redio ya bahari iliyo tayari kwenye chaneli 16, simu ndani ya mfuko usioingia maji, fataki za ishara, na kurunzi.

Nne, kinachozuia moto na moshi. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mlango. Gesi ya kupikia na mvuke wa petroli ni vizito kuliko hewa, hushuka ngamani vikangoja cheche. Na moshi wa mashine, boti inapokwenda mbele, waweza kurudi nyuma ya kijumba ukaingia ndani; sumu iliyomo haina harufu, na aliyelala hapati khabari. Asilale mtu ndani, mlango wa nyuma u wazi, na mashine zinanguruma.

Tano, nanga. Wengi hununua nanga kwa sura na kamba kwa bei. Hesabu yake ni hii: penye kina cha mita 4 maji yakiwa yamepwa, bamvua litaongeza yapata mita 4 nyingine, ongeza mita 1 ya kutoka majini hadi omo, jumla mita 9. Kamba pamoja na mnyororo haipungui mara tano ya hizo, yaani mita 45. Aliyenunua mita 20 amenunua kamba ya kuanikia nguo. Na kwa kuwa chombo kina omo mbili, kishikwe kwa zote mbili, kisiwe kikitangatanga usiku kucha.

Sita, betri mbili: ya kuwashia mashine peke yake, na ya taa na jokofu peke yake. Muziki wa usiku usije ukawanyima watu mashine asubuhi.

Hayo yakitimia, njoo na godoro lako, karibu. Ila kumbuka uzito. Matumbo haya ni membamba; kila ukiyaongezea mzigo huzama upesi kuliko tumbo pana la mashua, nafasi baina ya maji na sitaha hupungua, na mawimbi huanza kuipiga sitaha kwa chini kama nyundo. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Lita 300 za petroli zapindukia kilo 200. Vipaza sauti viwili vikubwa ni uzito wa mtoto mmoja. Na tuchague mtoto.

Ndugu zetu wale wanne walisikia. Walirudisha kipaza sauti kimoja, wakauza taa za rangi, wakafanya kazi wiki tatu kwa mikono yao. Kisha wakatualika tena. Yalikuwa majira ya tangambili, upepo hafifu. Petroli waliigawa mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la dharura ambalo haliguswi.

Miongoni mwa waliokuja pwani alikuwamo bibi mmoja, mama wa mmoja wao. Ndugu yake alikuwa ndani ya MV Spice Islander I iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 baina ya Unguja na Pemba, ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Na tangu hapo bibi yule hakukanyaga chombo. Akamwambia mwanawe: "Yahesabu hayo majaketi." Akayahesabu. "Yahesabu tena, mwanangu, nisikie." Akayahesabu tena kwa sauti, moja hata kumi. Bibi akachukua lake, akalivaa juu ya buibui, akapanda.

Tulitia nanga katika mlango wa Tumbatu, penye mchanga, si juu ya matumbawe. Watoto walivua upande huu, wazee upande ule, na boti haikuinama. Jua lilichwea nyuma ya Tumbatu. Tukala wali na changu. Usiku hapakuwa na sauti ila maji yakipita baina ya matumbo mawili, na alfajiri bibi alikuwa ameketi omo, kikombe cha kahawa mkononi, akiitazama Unguja ikipambazuka. Alisema hakujua kwamba bahari hii ni nzuri. Miaka yote aliyoishi pwani! Waliotuambia kwamba boti za starehe si mazungumzo ya chama na wamjibu bibi huyo.

Basi haya ndiyo matakwa yetu. Mwenye kuuza boti aandike juu yake, kwa wino usiofutika, idadi ya watu na kilo inazochukua, na alifute neno "haizami" kinywani mwake. Mwenye kukagua afunue ngama za pande zote mbili kabla ya kutia sahihi, kwani karatasi haijapata kutoa maji. Na wewe mwanachama, usione haya kusimama pwani ukauliza mbele ya watu: pampu ziko ngapi, na majaketi mangapi? Atakayekucheka, mwache ende zake peke yake.

Vyombo vilivyozama mwaka 2011 na 2012 havikuwa katamarani, wala havikuwa boti ndogo. Lakini bahari iliyovimeza ni hii hii, na haiulizi idadi ya matumbo. Sisi twaitaka bahari yetu, na raha yake twaitaka. Twaitaka tukiwa hai.