Tumwache mgonjwa aseme ukweli



Siku moja nilisimama kando ya kitanda cha mama mmoja wa jumuiya yetu, nikidhani ninamfariji, kumbe ninamziba kinywa. Kwa siku tatu alikuwa akitibiwa malaria. Homa haikuwa kali, lakini pumzi ilimpungua hata akiwa ameketi, kifua kilimchoma kila alipovuta hewa, na mguu mmoja ulikuwa umevimba. Muuguzi akamwuliza: «Mama, kuna dawa nyingine unayotumia?» Alinitazama mimi kwanza, kisha akajibu: «Hapana.»

Usiku ule alizirai. Mdogo wake ndiye aliyemfuata daktari na kumnong'oneza kwamba dada yake alikuwa akimeza vidonge vya kuzuia mimba tangu miezi miwili. Daktari akabadili mawazo papo hapo. Mguu ukapimwa kwa ekografia, bonge la damu likaonekana, na sindano za kuzuia damu isizidi kuganda zikaanza. Mama huyo yu hai. Lakini mimi sijayasahau yale macho.

Vidonge vilivyo vingi vya namna hiyo huchanganya homoni mbili. Moja kati yake, estrojeni, huifanya damu iwe nyepesi kuganda. Bonge likijitengeneza ndani ya mshipa wa mguu, laweza kung'oka, likapita moyoni na kuziba njia ya damu iendayo mapafuni. Ndiyo embolia ya mapafu, nayo yaweza kuua kwa saa chache. Jambo hili si la jana. Marekani iliruhusu vidonge vitumike kuzuia mimba mwaka 1960, na mwaka 1961 daktari Mwingereza W. M. Jordan alikwisha kuandika katika jarida la Lancet juu ya mgonjwa wa embolia aliyekuwa akivitumia.

Hapo sisi tunaofundisha tunapata kishawishi: kuugeuza ugonjwa huu kuwa fimbo. Mimi mwenyewe niliishika fimbo hiyo katika mafundisho ya wachumba. Leo nasema tuiweke chini. Mafundisho ya Kanisa, kama Papa Paulo VI alivyoyaeleza mwaka 1968 katika waraka Humanae Vitae, yanasimama juu ya maana ya upendo wa ndoa, si juu ya hofu ya bonge la damu. Tena waraka huohuo haukatazi dawa inayohitajika kweli kwa kutibu ugonjwa wa mwili, hata kama dawa hiyo huzuia mimba. Mama anayemeza vidonge kwa sababu damu yake ya mwezi humtoka kupita kiasi, tutamhukumu kwa kosa gani?

Na hesabu tuzitaje zote. Katika wanawake 10,000 wasiotumia vidonge na wasio wajawazito, kati ya 1 na 5 hupata bonge la damu kwa mwaka. Kati ya wanaovitumia, ni 3 hadi 9. Kati ya wajawazito, ni 5 hadi 20, na katika majuma ya kwanza baada ya kuzaa hatari huzidi hapo mara kadhaa. Hizi ndizo hesabu zilizotolewa na idara ya Marekani inayosimamia dawa. Basi anayesema kila kidonge ni kifo anasema uongo, na anayesema hakuna hatari yoyote anasema uongo vilevile. Hatari ni kubwa zaidi katika miezi ya kwanza ya kutumia vidonge. Huongezeka pia kwa mwenye unene uliozidi, kwa aliyetoka kupasuliwa, na kwa yule ambaye yeye au ndugu zake wa damu walikwisha kupata bonge.

Tena ugonjwa huu hujificha. Hufanana na malaria, na kichomi, na pumu, na hata na hofu tu ya moyo. Mashine ya skana inayoweza kuonyesha bonge ndani ya mapafu inapatikana katika miji michache ya nchi yetu. Kwa hiyo chombo cha kwanza cha daktari ni swali. Kuna orodha ya mambo manane ambayo madaktari huyapitia: umri, mapigo ya moyo, hewa iliyomo katika damu, kukohoa damu, mguu uliovimba, upasuaji au jeraha kubwa la karibuni, bonge la zamani, na matumizi ya estrojeni. Ikiwa mgonjwa alionekana tangu mwanzo kuwa na hatari ndogo, na hakuna hata jambo moja kati ya hayo manane linalotia shaka, daktari anaweza kuiacha embolia na kutafuta ugonjwa mwingine. Fikirini basi «hapana» moja ya uongo, iliyosemwa kwa kumwogopa katekista, inaweza kufunga mlango gani.

Najua mtu ataniuliza: «Mwalimu, wewe sasa unatetea vidonge?» La. Natetea uhai wa anayevimeza. Mafundisho nitayatoa mahali pake, kwa wenye afya, kwa saa yake. Chumba cha mgonjwa si darasa.

Ninaomba mambo mawili. Muuguzi akija kuuliza, sisi wageni tutoke nje: mume, mama mkwe, katekista, wote. Na katika jumuiya zetu tuwafundishe akina mama dalili hizi: pumzi inayokatika ghafula, kifua kinachochoma wakati wa kuvuta hewa, kukohoa damu, kuzirai, mguu mmoja unaovimba na kuuma. Mwenye dalili hizo akimbilie hospitali na ataje dawa zote anazotumia, bila kusubiri kuulizwa, hasa ikiwa anameza vidonge au amezaa karibuni.

Tunamkumbuka yule mwanamke wa Injili aliyeugua kutokwa na damu kwa miaka kumi na miwili. Alikuja kwa siri, akitetemeka, na mwishowe akasema ukweli wote mbele ya Bwana. Hakukemewa; alirudishwa kwake kwa amani. Sisi tulioukuta umati ule umemsonga Bwana, angalau tumpishe mama huyo njia.