Maziwa Lala ni Chakula, Tusiyafanye Dawa

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Wakulima wenzangu, siku hizi neno "probiotiki" limefika mpaka masokoni kwetu. Limeandikwa juu ya vikopo vya mtindi, juu ya pakiti za unga, hata juu ya chakula cha kuku. Wauzaji husema ya kwamba vijidudu vilivyomo huponya tumbo, hupunguza unene na hurefusha maisha. Mtu hupeleka maziwa yake yote kwenye kituo cha chama cha ushirika, na mwisho wa mwezi hutoa sehemu ya fedha zile zile kununua unga wa vijidudu vya jamaa moja na vile vilivyokaa katika kibuyu cha nyanya yake.

Maoni yangu ni haya. Sifa za maziwa lala zina kweli ndani yake, lakini zimepita kipimo. Na sifa zikipita kipimo, anayeumia ni mtoto.

Kwanza tufahamu maziwa huganda kwa njia gani. Ndani ya maziwa mna sukari iitwayo laktosi. Bakteria za namna fulani hula sukari hiyo na kuigeuza kuwa asidi. Asidi ndiyo inayoyafanya maziwa yawe machachu na mazito, na ndiyo inayozuia vijidudu vingi viharibifu visizaliane upesi. Wazee wetu hawakuwa na darubini, lakini waliijua kazi hiyo. Wakalenjin waliosugua kibuyu kwa mkaa wa senetwet na kutengeneza mursik waliweza kuweka maziwa siku nyingi bila ya barafu wala umeme.

Wataalamu walianza kuyachungua mambo haya zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mwaka 1905 mganga kijana wa Bulgaria, Stamen Grigorov, aliona kwa darubini bakteria inayogandisha maziwa ya kwao. Baadaye Elie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris alisema ya kwamba wakulima wa Bulgaria huishi miaka mingi kwa sababu ya kunywa maziwa hayo. Mtu huyu alikuwa mkubwa katika elimu. Mwaka 1908 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya jinsi mwili unavyojikinga na maradhi. Basi watu wa Ulaya wakayakimbilia maziwa machachu, na maduka ya dawa yakauza vidonge vyake. Metchnikoff mwenyewe aliyanywa kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1916 akiwa na umri wa miaka 71. Ni umri wa heshima, lakini si wa ajabu.

Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya la Ulimwengu walikutana Córdoba, nchi ya Argentina, wakaeleza maana ya neno hili probiotiki. Walisema ni vijidudu vilivyo hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtu faida ya afya. Yashikeni mambo hayo matatu: viwe hai, viwe vya kutosha, na faida yake iwe imeonekana kweli.

Tena kuna jambo la nne, ambalo mkulima atalielewa upesi kuliko mtu wa mjini. Mahindi yote ni mahindi, lakini mbegu ya H614 inayostawi nyanda za juu haitakupa mavuno yale yale ukiipanda pwani. Bakteria nazo zina mbegu mbalimbali. Faida iliyoonekana kwa mbegu moja, kwa ugonjwa mmoja, haiwezi kudaiwa na kila pakiti yenye neno probiotiki.

Tazameni majaribio haya. Katika vijiji vya Odisha, nchi ya India, watoto wachanga zaidi ya 4,500 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa kwa siku 7 bakteria iitwayo Lactobacillus plantarum pamoja na sukari ya kuilisha. Kundi la pili lilipewa unga usio na kitu. Habari zilizotolewa mwaka 2017 zilionyesha ya kwamba katika kundi la pili watoto 9 katika kila 100 walipatwa na maambukizo makali ya damu au walikufa, lakini katika kundi la kwanza walikuwa kama 5 tu. Hiyo ni faida kubwa sana.

Mwaka uliofuata, 2018, zilitolewa habari za majaribio mengine mawili. Moja lilifanywa Marekani kwa watoto 971, na la pili Canada kwa watoto 886, wote wenye ugonjwa wa kuhara na kutapika. Wengine walipewa bakteria zilizosifiwa sana na kuuzwa kwa miaka mingi, na wengine unga mtupu. Katika Marekani waliozidiwa na ugonjwa walikuwa karibu 12 katika kila 100 kwa kundi la bakteria, na karibu 13 kwa kundi la unga mtupu. Huko Canada pia tofauti ya maana haikuonekana.

Je, wataalamu wamejipinga? La. Mbegu zilikuwa mbalimbali, na kazi zilikuwa mbalimbali. Moja ilikuwa ya kukinga watoto wachanga, na nyingine ya kutibu watoto waliokwisha kuugua. Anayechukua habari njema ya Odisha na kuibandika juu ya pakiti yake ya sokoni anauza mbegu kwa jina la mbegu nyingine.

Kwa hiyo mtoto akihara, msimpe unga wa probiotiki wala maziwa lala mkangoja apone. Anayekufa kwa kuhara hufa kwa kukaukiwa na maji. Mpeni mara moja maji ya ORS yaliyochanganywa kama pakiti inavyoeleza, mkampeleke zahanati apate pia zinki. Anayenyonya aendelee kunyonya. Na mtoto asiyetimiza miezi sita asipewe maziwa lala hata kidogo. Maziwa ya mama yanamtosha.

Basi maziwa lala yanafaa nini? Yanafaa sana. Ni chakula chenye protini na chokaa ya kujenga mifupa. Tena watu wengi wazima tumbo lao hujaa na kuwauma wakinywa maziwa matamu, kwa sababu hawawezi kuisaga laktosi. Mtindi wenye vijidudu hai huwasaidia kuisaga. Hata wakaguzi wa chakula wa Ulaya, ambao wamekataa madai mengi sana ya wauza probiotiki, walilikubali dai hili mwaka 2010.

Lakini lazima tuyatengeneze vizuri. Wako wanaosema ya kwamba uchachu huua kila kitu, kwa hiyo maziwa hayana haja ya kuchemshwa. Hilo ni kosa la hatari. Vijidudu vya ugonjwa wa brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe vyaweza kuwamo katika maziwa mabichi, na kuganda tu hakutoshi kuviua. Chemsha maziwa kwanza. Yafunike, yaache yapoe kabisa. Ndipo utie chachu safi, au vijiko viwili vitatu vya maziwa lala mazuri kwa kila lita, katika chombo kilichooshwa kwa maji moto. Yafunike yakae mpaka kesho yake. Yakishaganda usiyachemshe tena, maana vijidudu vizuri vitakufa.

Najua wengine watasema, "Fedha za maziwa ndizo zinazolipa karo, nasi hatuwezi kunywa karo." Ni kweli, na sisemi mtu aache kuuza. Nasema kikombe kimoja cha kila mtoto kitolewe kwanza, ndipo mkebe uende kituoni. Haifai ng'ombe akamwe nyumbani kwetu, watoto wetu wanywe chai ya rangi, kisha tununue afya kwa gramu dukani.

Na ukiamua kununua unga huo, muulize muuzaji mambo manne: ni bakteria ya jina gani, ziko hai ngapi, mwisho wa kutumia ni lini, na faida yake ilionekana kwa ugonjwa gani. Akishindwa kujibu, funga mfuko wako. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tuyasifu maziwa lala kwa kazi yake ya kweli, nayo yatatufaa kama yalivyowafaa wazee wetu.